Mtani Aliyetia Joto Sakafuni

Mtani alipima joto kwa shavu. Kipimajoto kilikuwepo ukutani, nilikitundika mwenyewe, lakini yeye hakukitazama. Alivua kandambili mlangoni mwa chumba cha wazazi, akapiga magoti kama mtu aliyeangusha sindano, akalaza shavu la kushoto juu ya sakafu na kufumba macho. Akina mama waliokwisha kulala siku mbili tatu walimzoea. Aliyeingia siku hiyohiyo alinigeukia kwa hofu, nami nikamwambia, "Usijali mama, anasikiliza." Baada ya muda anainuka, shavu lina chapa ya saruji, anatoa hukumu: "Hapa pazuri. Pale penye kabati pana uvivu." Ndipo nami nakwenda kusoma kipimajoto changu, nakisogeza penye kabati, nasoma tena. Hakukosea hata siku moja. Jambo hilo lilinikera kwa miaka mingi kabla halijaanza kunifurahisha.

Nilikuwa nesi wa zahanati ile, iliyoko mlimani juu ya barabara ya Mkuyuni kwenda Matombo. Mtu wa Morogoro mjini ukimwambia kwamba huku kuna baridi ya kuua, anacheka. Anatujua kwa ndizi, mdalasini na pilipili manga, mazao ya nchi ya joto. Lakini aje Juni au Julai asubuhi, ukungu umekaa juu ya paa na ukuta wa zahanati unatoa jasho baridi, halafu amshike mtoto aliyezaliwa usiku huo. Mtoto mchanga hajui kujipasha joto. Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, na kule kutetemeka ndiko kunakomwasha; mtoto mchanga hatetemeki, anapoa tu kimyakimya kama chai iliyosahauliwa. Mtoto njiti, yule aliyezaliwa kabla ya wakati wake, anapoa upesi zaidi. Dawa ya kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, nguo juu yao. Dawa ya pili ni chumba chenye joto, na hiyo ndiyo tuliyoikosa. Tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa, na kila nilipoliingiza nilifungua dirisha ili moshi usiwadhuru, na kila nilipofungua dirisha joto likatoka. Nilifanya hivyo misimu mitatu, na msimu wa tatu nikampoteza mtoto ambaye kosa lake lilikuwa kuzaliwa Julai.

Mtani alikuwepo siku ile, kwa kuwa alikuwa amekuja kurekebisha koki ya sinki letu. Hakunipa pole. Alikaa kwenye ngazi na mkoba wake wa spana, akatazama juu, kwenye mtiririko wa mvuke ambao sote tulikuwa tunauona kila siku ukipanda katikati ya migomba, akasema, "Nesi, ninyi Waluguru ni watu wa ajabu sana. Mungu amewawashia moto mlangoni, mnaota mkaa."

Inabidi nieleze neno hili la mtani, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa yaliyofuata. Yeye alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuja msibani, akalikamata jembe la kuchimbia kaburi na kulikalia, na kazi isimame mpaka akombolewe kwa kitu kidogo. Hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye uliyeharibu. Na kwa kuwa hakasirikiwi, mtani ndiye anayeweza kuwaambia wakubwa ukweli ambao mtoto wa nyumbani hathubutu kuutamka. Alipostaafu kwenye boila za kiwanda cha sukari na kuja kuishi kwenye shamba la mkewe, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kuwa na haki ya kumwita Mtani kabla hajashusha godoro. Jina lake nililiona kwenye kadi yake ya matibabu tu, na hata hapo niliona kama nasoma la mtu mwingine.

Utani wake ulikuwa wa kutwa nzima. Alidai kwamba Mluguru hafi kwa ugonjwa, anafariki kwa kuanguka kutoka shambani kwake. "Mnalima ukutani," alisema. "Mtu anapanda mahindi leo, kesho anayavuna kwa jirani wa chini." Nao walimjibu kwamba mabega yake bado yana sugu za mizigo ya mababu zake, wapagazi wa misafara, na kwamba Mnyamwezi hata akienda harusini anauliza kwanza kilo ngapi. Mimi, kwa kuwa nimetokea Mikese, pale mabasi yanaposimama barabarani, nilikuwa na fungu langu. Nikimwita aje aangalie bomba, alijibu kwa sauti ya mchuuzi, "Haya, mahindi ya kuchoma, ya moto, dirishani hapo mama!" Akina mama walicheka mpaka wakajishika mishono.

Chemchemi ya maji ya moto iliyotoa mvuke ule ilikuwa ya ukoo mmoja. Sisi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, tunauita lukolo, na ardhi na maji hufuata huko. Mkubwa wa ukoo ule alikuwa bibi mmoja mwembamba, mnyoofu kama mwiko, ambaye kila mtu alimwita Bibi Mkubwa. Maji yale yanatoka kwenye ufa wa jiwe, juu kidogo ya zahanati, yakiwa na moto ambao ukitia mkono hufiki kuhesabu tano. Mtani alikwenda mara tatu kuyaomba. Mara tatu Bibi Mkubwa alimkaribisha kwa wali na kumnyima maji. "Si yangu," alimwambia. "Ni ya waliotangulia na ya watakaokuja. Na bomba ni kamba, Mnyamwezi. Ukiisha kumfunga mtu kamba, umemfunga."

Kila mwaka kabla ya mvua za vuli ukoo ule hufagia chemchemi. Wanatoa majani, wanapika, wazee wanaomba dua, watoto wanakula. Mwaka ule, walipofika na fagio zao, walimkuta Mtani amekwisha kufika. Alikuwa amekaa juu ya jiwe lenyewe, kwenye mvuke, amevaa kofia ya kiwandani na mwavuli mkononi.

"Nimekamata!" alisema.

Watu wakaduwaa. Halafu mtu wa nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikatembea kwenda mbele mpaka kikamfikia Bibi Mkubwa.

"Shuka hapo, mbeba mizigo. Utaiva."

"Nikiiva nileni na wali. Chemchemi nimeikamata, na mtani akikamata anakombolewa. Au Waluguru mmebadilisha mila mkasahau kunitangazia?"

Wakampa jogoo. Akasema jogoo huyo amekonda, amelimia ukutani. Wakampa mkungu wa ndizi, akasema Nesi anauza hizo Mikese. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mwishowe Bibi Mkubwa akauliza, "Basi unataka nini?"

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kipande cha bomba chenye urefu wa kiganja, akakiinua akichungulia kwa jicho moja. "Maji yanayopita humu," alisema. "Hata tone zaidi, hapana. Yashuke kwenye chumba cha wazazi, yapashe sakafu, yaende zake."

Bibi Mkubwa alicheka, akacheka, ikabidi aketi chini. Halafu akafuta machozi kwa pindo la khanga. "Haya," alisema. "Mmesikia nyote. Maji tumempa mtani. Hatukuipa serikali, hatukuipa zahanati, wala hatukumpa Nesi. Siku mtani hayupo, maji yanarudi nyumbani."

Nikapiga vigelegele pamoja na wengine. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikufikiri. Mtendaji wa kijiji ndiye peke yake aliyekuwa na akili siku ile. Alitoa daftari akataka tuandikishiane. Bibi Mkubwa na Mtani walimwangalia kwa namna moja, kama mtu aliyetaka kupima chumvi kwa rula. "Utani hauandikwi," walimwambia, karibu kwa mdomo mmoja. Na kweli hauandikwi. Ndivyo joto la watoto wetu lilivyotundikwa juu ya mzaha, juu ya maisha na magoti ya mzee mmoja.

Kazi ya kwanza aliikosea, na alipenda kuisimulia kuliko ile aliyoipatia. Aliyaleta maji ya chemchemi moja kwa moja, akayapitisha kwenye mabomba ya chuma chini ya sakafu, akamwaga saruji juu. Wiki ya kwanza tulitembea pekupeku kama watoto. Baada ya masika moja sakafu ikaanza kupoa, na kabla ya kipupwe ikawa jiwe. Akavunja sakafu kwa nyundo, akatoa kipande cha bomba, akanionyesha. Ndani kulikuwa na gamba jeupe gumu, limebakiza tundu la kupitisha kidole kidogo. Umewahi kutazama ndani ya birika la zamani? Ni kitu kilekile. Maji yanayotoka ndani sana ya ardhi yanakuja yameyeyusha mawe, na yanapopoa yanayaacha njiani.

"Miaka yote ile kwenye boila," alisema, amekaa katikati ya vifusi vya chumba changu, "nilikuwa nawafokea vijana kuhusu gamba. Nikaja nikafanya kama kijana." Halafu akacheka kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nataka kulia. Yeye alikuwa amejifunza kitu, na kujifunza kulimnenepesha.

Mara ya pili alitenganisha maji. Nitaeleza taratibu kwa kuwa ni rahisi, na popote penye chemchemi ya moto na baridi kama yetu watu wanaweza kufanya hivihivi. Alichimba shimo upande wa chini wa zahanati, akajenga tangi la saruji. Maji ya chemchemi yanaingia kwenye tangi, yanazunguka, yanatoka. Ndani ya tangi kuna bomba lililosokotwa kama nyoka aliyelala, na ndani ya bomba hilo kuna maji mengine, safi, ya mvua, ambayo hayakutani na yale ya chemchemi hata kidogo. Yanapokea joto lao tu. Maji hayo safi ndiyo yanayopita chini ya sakafu. Gamba likitanda, linatanda kwenye tangi, na tangi lina mfuniko. Unafungua, unakwangua, unafunga. Bomba la kutoka juu alilifungia majani makavu ya migomba na pumba za mpunga ili joto lisipotee njiani, na kila baada ya hatua kumi aliweka kiungo kinachofunguka, ili mnyororo wa kukwangua gamba upitishwe ndani mara moja kwa mwezi.

Niliuliza pampu iko wapi. Umeme wetu haukuwa wa kutegemewa. Kesho yake alikuja na chupa mbili za kioo. Moja aliijaza maji baridi, nyingine maji ya moto aliyoyatia rosela yakawa mekundu. Akaifunika ile ya baridi kwa kipande cha kadi, akaipindua juu ya ile nyekundu, mdomo kwa mdomo, akavuta kadi. Wekundu ukapanda juu polepole, kama moshi. Akina mama wanne walikuwa vitandani, na wote waliinuka kutazama.

"Maji ya moto ni mepesi," alisema. "Yanapanda yenyewe. Ya baridi ni mazito, yanashuka yenyewe. Ndiyo maana tangi liko chini na watoto wako juu. Pampu ya nini? Maji hayajawahi kugoma."

Kisha akainywa ile rosela.

Maneno yake mengine yalikuwa ya namna hiyo. "Joto ni mgeni, asipopata pa kukaa anaaga." "Kuni zinakuomba kila siku, huyu wa chini ya ardhi anakupa tu." Mtu akisifu kazi yake, alijibu, "Sifa hazizibi tundu." Mtu akimwambia haiwezekani, alimwuliza, "Umeshindwa mara ngapi?" na aliyejibu kwamba hajajaribu alipewa spana papo hapo. Na kwa kweli alipenda kumpa mtu spana. Nimeona amempa mtendaji, amempa mke wa shehe, amenipa mimi, na kila mara alikaa pembeni akiutazama mkono wako kwa subira kubwa, na ukigeuza kwa upande usio wake hakukuambia. Alisubiri bomba likuambie.

Maji yalipotoka kwenye tangi bado yalikuwa na uvuguvugu mzuri, na ilimuuma kuyaona yakimwagika mferejini. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, lakini jirani wa tangi alikuwa msikiti. Basi akachepusha bomba dogo mpaka kwenye koki za kutawadhia. Kipupwe kile swala ya alfajiri ilijaa. Wanaume ambao hatukuwahi kuwaona kabla ya jua walikuwa wamekaa kwenye mstari wa koki, wanaosha miguu, wanaiosha tena. Shehe wetu alimfuata Mtani zahanati.

"Bwana, umeniletea waumini," alimwambia, "lakini sijui wamemfuata Mwenyezi Mungu au wamefuata miguu yao."

"Shehe, wewe hesabu vichwa. Miguu niachie mimi."

"Lakini wanachelewa safu! Mtu anatawadha mpaka anasinzia."

Mtani akaahidi kupunguza maji. Alikwenda na spana, akageuza koki kidogo mbele ya shehe, na shehe alipoondoka akairudisha ilipokuwa.

Alikuwa na mambo mawili ambayo sikuyaelewa. La kwanza, mtu huyu aliyeishi na moto maisha yake yote hakuweza kunywa chai ya moto. Aliimimina kwenye sahani, akaipuliza, akasubiri, akaigusa kwa ulimi kama paka. Ugali aliuacha mpaka utoke utando. Na alioga maji ya mtoni, ya baridi, Julai, akiimba. Nilimwambia siku moja, "Mtani, unawapa watu wote joto, wewe mwenyewe hulitaki." Akasema joto alikwisha kupewa lake lote kiwandani, sasa anagawa ziada.

La pili ni kwamba mtu ambaye hakuogopa mvuke, gamba wala Bibi Mkubwa, aliogopa sindano kiasi cha kuzimia. Nilimchoma ya pepopunda alipokatwa na bati, alishikwa na wanawake wawili, mmoja ana mimba ya miezi tisa, naye akawa anapiga kelele, "Waluguru wananimaliza!" Yule mwenye mimba alicheka mpaka uchungu ukamshika. Mtoto alizaliwa saa tano asubuhi, msichana, kwenye chumba chenye joto, na Mtani, bado amelala chali kwenye benchi la nje, alidai kwamba huyo ameletwa na yeye.

Wengi waliletwa hivyo. Nilianza kuona mambo ambayo hayaandikwi kwenye ripoti: mama aliyezoea kujikunja sasa analala amenyoosha miguu, bibi aliyekuja kumtazama mjukuu anavua viatu bila kuambiwa. Watoto njiti waliokaa kifuani kwa mama zao, katika chumba kisichowaibia joto, walivuka Julai. Mmoja wa mapacha wa ukoo ule wa chemchemi alikuwa na ukubwa wa muhogo mchanga. Leo anakimbiza kuku.

Lakini magoti ya Mtani yalikuwa yanazeeka. Kwanza aliacha kulaza shavu kwenye sakafu, akawa anatumia kisigino. Kisha akaacha kupanda mpaka kwenye chemchemi. Mwaka ule, masika yalipokuwa yanaisha, binti yake anayeishi Bigwa alikuja na gari kumchukua yeye na mama yake, kule ambako barabara ni tambarare na hospitali iko karibu. Mtani alikagua kila kiungo cha bomba kwa macho, kutoka kwenye kiti. Akaniambia, "Nesi, nakwenda. Unalijua neno la Bibi Mkubwa."

Nilikuwa nalijua. Mtani hayupo, maji yanarudi.

Aliyelikumbuka zaidi alikuwa Shomari, mjukuu wa Bibi Mkubwa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni kule Mikese. Hakuwa mtu mbaya, na napenda hilo lieleweke. Aliona vijana wenzake wakishuka mlima kutafuta kazi, akawaza kujenga bwawa la kuogea pale kwenye chemchemi, na vyumba vichache, ili wageni wa kutoka Dar es Salaam wapande. Alikuwa amekwisha kupima. Maji yote aliyataka juu, hata lile bomba moja.

Ukoo ulikaa mwezi Mei, uani kwa Bibi Mkubwa, hatua chache kutoka zahanati. Nilialikwa kama jirani. Sikuwa na sauti. Shomari alizungumza vizuri, kwa adabu. "Shikamooni wazee. Mimi sijavunja neno la mtu. Bibi alisema maji ni ya mtani, na mtani ameondoka. Naomba tu neno lilelile lisimame." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo wajawazito wangu wa Juni. Walikuwa saba.

Bibi Mkubwa, ambaye sasa haoni vizuri, akageuza uso upande niliokuwa. "Nesi umenyamaza sana. Wewe ndiye umekaa na maji haya. Una la kusema?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za watoto, lakini niliwaza Mtani angefanya nini, na nikaomba ndoo mbili. Moja tukaijaza kwenye chemchemi, nyingine pale maji yanapotokea baada ya tangi. Nikaziweka mbele ya Shomari. "Kaka yangu," nikasema, "wewe ndiye mgeni kutoka Dar. Umelipa chumba, unataka kuoga. Vua kiatu, tia mguu."

Akatia mguu kwenye ndoo ya kwanza. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka kiasi kile. Ua mzima ukalipuka kwa vicheko, mama mmoja akapaza sauti, "Mgeni kaiva! Leteni wali!" Shomari naye alicheka, amesimama kwa mguu mmoja. Kisha akautia mguu uleule kwenye ndoo ya pili, kwa woga, akauacha. Akatia na wa pili. Akakaa hivyo, na niliona anapiga hesabu.

"Yakishapita kwa watoto," nikamweleza, "yanakuwa ya kuogea. Watoto hawakunyang'anyi maji, wanakupozea. Bwawa lako lisiwe juu ya zahanati. Liwe chini yake."

Ndipo mama wa wale mapacha akasimama, na yeye alikuwa na sauti, kwa kuwa ni wa ukoo. "Bibi ulisema maji yarudi nyumbani," alisema. "Lukolo ni watoto. Watoto wetu wanaanzia pale. Nyumbani kwingine ni wapi?"

Bibi Mkubwa alimgeukia mama yule. "Maji yamerudi," akasema. "Si ya mtani tena, ni yetu. Na yetu tunayapitisha palepale. Shomari, unataka kufanya kazi na maji? Chukua mnyororo. Gamba likiziba watoto wakapata baridi, nitakuja kukuuliza wewe, na mimi si mtani wako."

Nilimpigia Mtani simu jioni ileile. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Ndoo mbili," alisema. Kisha akauliza kama nilizichota kwa wakati mmoja, kwa maana ya kwanza ingeweza kupoa. Nikamwambia ndiyo. "Nitaamini nikiona," alisema, akakata.

Alikuja kuona Julai ya mwaka uliofuata. Shomari mwenyewe alimfuata Bigwa kwa gari la kukodi, akampandisha ngazi kwa kumshika kiuno, na njia nzima walikuwa wanatukanana kwa raha. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Mtani alikuwa amevaa masweta mawili na amepungua. Koti lake la kiwandani lingemtosha mara mbili. Alitaka kuona tangi kwanza. Shomari akafungua mfuniko, na Mtani akachungulia muda mrefu akitafuta gamba la kumsema. Hakulipata. "Umekwangua jana," alimshutumu.

"Nakwangua kila mwezi, mzee. Jana nilipiga mswaki tu kwa ajili yako."

Halafu mimi nikatangulia kwenye chumba cha wazazi, naye akavua kandambili na kuusukuma mlango. Ndani alikuwemo mama mmoja tu, msichana wa vijiji vya juu, hajafika miaka ishirini. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye khanga, ameegemea kitanda, mtoto wake wa siku tatu amelala wazi mapajani, miguu juu kama chura. Hakumjua Mtani. Asingeweza kumjua. Mtani alisimama kizingitini, mkono kwenye mlango, mguu mmoja ndani, akimtazama mtoto yule asiye na nguo Julai asubuhi. Na nyuma yake ukungu ukawa unaingia.

Yule msichana akavuta khanga, akamfunika mtoto. "Babu, shikamoo," alisema, "ingia au utoke. Joto linatoka."

Nikafungua mdomo ili nimweleze anayezungumza naye ni nani. Ni tabia yangu, sipendi mtu abaki hajui. Mtani akaniashiria kwa kidole mdomoni mwake: nyamaza.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe," akamwambia, yeye ambaye hakuwahi kumwomba Mluguru msamaha kwa jambo lolote. Akarudisha ule mguu nje, akavuta mlango polepole mpaka komeo likashika, na kupitia mbao nikamsikia huko kwenye baridi, anacheka.